Mtoto Akililia Wembe

Mwisho wa Aprili 2023 watu wengi wa Malindi hatukulala vizuri. Kila siku miili ilikuwa ikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na kila jioni idadi ilipanda. Mochari ya hapa mjini ilijaa. Watu walisimama nje wakiwa na picha za ndugu zao, wengine wametoka mbali kabisa, Kisumu huko, Nyeri huko, wakiuliza kama kuna yeyote aliyemwona mtu wao. Mpaka leo miili iliyopatikana ni zaidi ya 400.

Mimi nikafanya kile ambacho watu wa rika langu hufanya tukilemewa na jambo: nikaingia kwenye simu. Nilitaka kujua ni maneno gani yanayoweza kumtoa mtu nyumbani kwake na watoto wake, akaingia msituni kufunga mpaka kufa. Mhubiri anayehusishwa na msiba huu, Paul Mackenzie, alianzisha kanisa lake hapa Malindi mwaka 2003 na akatangaza kulifunga mwaka 2019. Kesi iko mahakamani na yeye amekana mashtaka, kwa hivyo sitamhukumu hapa. Ila mahubiri yake yalikuwa yamerushwa kwenye televisheni na YouTube, na mengine yalikuwa bado yapo. Nikatazama moja. Nikatazama la pili. La tatu nililitazama mpaka mwisho, saa nane usiku, nimekaa kitandani, machozi yananitoka.

Kufikia wiki ya pili simu yangu ilikuwa si ile tena. Zamani nikiifungua naletewa mapishi, mpira, na vijana wanaochekesha kwa lafudhi ya Kigiriama. Sasa naletewa siku za mwisho. Alama ya mnyama. Mhubiri wa nchi nyingine akieleza kwa nini shule ni mtego. Mwingine akisema dawa za hospitali ni za kupunguza watu duniani. Sikuvitafuta hata kimoja. Simu ilishaamua kuwa nimeokoka, na inanisaidia kukua kiroho.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaogopa. Ile programu ilijua kwamba nimetazama dakika 40 bila kuruka. Haikujua kwamba nilitazama nikilia. Kwake mimi na yule aliyeketi mahali fulani akitikisa kichwa na kusema "amina" tulikuwa mtu mmoja.

Tangu usiku ule nimekuwa na swali ambalo limekataa kuniachia: je, kile mtu anachokitazama ndicho anachokitaka? Na kama sicho, anayempelekea zaidi na zaidi anamtendea nini?

*

Wahenga wetu wa pwani walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hii mashine nayo imeundwa, na haikuanza kwa nia mbaya. Mwaka 1992 watafiti wa Xerox kule California walielemewa na barua pepe. Wakatengeneza mfumo ulioitwa Tapestry: mtu akisoma ujumbe anaweka alama kwamba unafaa au haufai, na wenzake wanatumia alama zile kuamua wasome nini. Ni kama pale stendi unapomwuliza aliyetangulia kula: hii pilau vipi? Akikunja uso, unapita.

Wazo lilikuwa zuri, likakua. Mwaka 2006 Netflix walitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa yeyote atakayeboresha makisio yao ya filamu kwa asilimia 10, na mwaka 2009 zawadi ikachukuliwa. Siri ya makisio haya ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Fikiria daftari kubwa. Kila mstari ni mtu, kila safu ni video. Programu inawatafuta watu ambao mistari yao inafanana na wako, inaangalia wao walitazama nini ambacho wewe hujakiona, inakuletea. Haihitaji kuelewa Kiswahili. Haihitaji kujua Shakahola ni wapi. Inajua tu kwamba waliotazama hiki, walitazama na kile.

Kisha kukatokea badiliko moja dogo ambalo mimi naliona ndilo kubwa. Zile alama za Tapestry mtu aliziweka mwenyewe, kwa kukusudia. Alifikiri, akasema: hiki kinafaa. Baadaye kampuni zikagundua kwamba watu ni wavivu wa kuweka alama, lakini si wavivu wa kutazama. Mwaka 2012 YouTube walianza kuupa uzito muda ambao mtu anakaa akitazama kuliko idadi ya mibofyo. Tangu hapo hatuulizwi tena kwamba hiki kinafaa. Tunapimwa. Kidole kikisita, kimehesabiwa.

Yaani tuliacha kushuhudia, tukaanza kuchunguzwa. Mtu akiniuliza, naweza kumwambia, "Natazama, lakini sipendi." Kipimo hakina mahali pa kuandika neno "lakini".

*

Utaniambia: si wewe ni mtu mzima? Kwani ulishikiwa bunduki utazame? Ni hoja ya haki na sitaikimbia.

Nitaijibu kwa muguka, maana kwetu huku muguka hauhitaji maelezo. Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, mahakama ikasimamisha marufuku hayo, na mjadala ukawaka kila kijiwe. Katika vijiwe hivyo nilimsikia kijana mmoja, shavu limejaa, akisema: "Wallahi mimi ningependa wapige marufuku kabisa." Watu wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilimwelewa. Alikuwa anautaka muguka, na wakati huohuo alikuwa anataka asiutake.

Mwanafalsafa wa Marekani, Harry Frankfurt, aliandika mwaka 1971 kwamba hapo ndipo utu wetu ulipo. Mbuzi naye ana matakwa: anataka majani, anakula majani. Binadamu ana matakwa juu ya matakwa yake. Anaweza kujitazama akitamani kitu na kusema, sipendi ninavyotamani hiki. Uhuru wa mtu, kwa maelezo yake, haupimwi kwa kupata kila anachotamani. Unapimwa kwa kuwa na matamanio ambayo mwenyewe, akitulia, anayakubali kuwa yake.

Kwa mizani hiyo, programu inayojifunza mapenzi yangu imejifunza nusu yangu tu. Imejifunza yule wa saa nane usiku. Yule wa saa tatu asubuhi, aliyekunywa chai, anayetaka kusoma kitabu, kumpigia shangazi simu, kulala mapema, huyo haimjui, kwa sababu huyo akiwa na hali yake nzuri huwa hashiki simu. Kadiri ninavyoishi vizuri, ndivyo inavyonijua kidogo. Kisha inaniletea picha ya yule wa usiku na kuniambia: huyu ndiye wewe.

*

Ningeishia hapo, haya yangebaki mawazo tu. Lakini Mama alinifanya nisiishie hapo.

Mamangu ana presha. Amekuwa akimeza vidonge miaka mingi, na simu aliyonayo nilimnunulia mimi, nikamwekea bando, nikamfundisha kutazama video ili asikae pweke nikiwa kazini. Nilijiona mtoto mwema sana. Mwaka jana nikaanza kuona nyumbani kuna mitishamba: majani haya yamechemshwa, unga ule umewekwa kwenye chupa. Sikusema kitu. Mama amelelewa na dawa za miti, na mimi pia, na si vibaya. Mpaka siku aliyoanguka jikoni.

Zahanati presha ilisoma 190 kwa 110. Muuguzi akauliza, "Mama, dawa unameza?" Mama akanyamaza. Akauliza tena. Mama akanitazama mimi, si yeye, akasema, "Nliacha. Tangu mwezi wa tatu."

Jioni nilichukua simu yake nikaifungua. Sijawahi kuona Malindi ya aina ile. Mimi na Mama tunalala chini ya paa moja, tunakula sahani moja, lakini katika simu yake hakukuwa na kitu hata kimoja kilichokuwa kwenye yangu. Daktari baada ya daktari, kama ni madaktari, kila mmoja akisema vidonge vya presha vinaua figo, kila mmoja ana unga wake wa kuuza. Video ya kwanza aliitazama kwa bahati tu, labda kwa sababu ilitaja presha na yeye ana presha. Zilizofuata zililetwa.

Nikamwuliza kwa upole, "Mama, mbona hukuniambia?"

Akanijibu maneno ambayo nayabeba mpaka leo: "Mwanangu, wewe waenda kazini. Hii simu yanijua. Kila nikiwa na swali, kabla sijauliza, yanijibu."

*

Yanijua. Nimelifikiria neno hilo sana.

Shella kuna mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi. Naye pia amejifunza mapenzi yangu. Akiniona kwa mbali anaanza kufunga mahamri manne, mbaazi nazi iwe nzito, hauulizi. Ukitaka, huo ni mfumo wa mapendekezo, na umefanya kazi tangu kabla California haijajengwa. Basi tofauti iko wapi? Mbona huyu ananifurahisha na yule ananitisha?

Nilidhani jibu ni kwamba yule ni mtu na ile ni mashine. Si hilo. Tena tusijidanganye kwamba watu wakiachiwa wenyewe wanapashana ukweli. Kaunti hii ya Kilifi ina wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma zile nyingi zilitembea kwa mdomo, chini ya miembe, jirani kwa jirani. Kule Ganze, Kaya Godoma, wako wazee waliokimbilia hifadhi kwa sababu ya damu yao wenyewe, wajukuu wao. Algoriti haikuwepo pale. Hata Shakahola siwezi kusema ni simu iliyowapeleka watu msituni. Wengine waliitwa na mume, na dada, na rafiki wa kanisani. Baraza nalo linaweza kuwa chumba kisicho na dirisha.

Tofauti niliiona siku nyingine kabisa. Nilikuwa nimetoka kuumwa tumbo wiki nzima. Nikaenda kwa yule mama, nikaagiza kama kawaida. Akanitazama usoni, akasema, "Leo sikupi mbaazi. Chukua mahamri na chai ya tangawizi, mbaazi utakula ukipona." Nikabisha. Akakataa. Alipoteza shilingi zangu kwa hiari yake.

Hapo ndipo penyewe. Anayekujua kweli anaweza kukunyima. Maarifa yake juu yako yana deni ndani yake: akijua kwamba kitu kitakudhuru, kule kujua kunamfunga. Na akikosea, unajua pa kumpata. Kesho yuko palepale na sufuria yake. Mama wa mahamri akinipa chakula kibovu, mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Simu ya Mama ilijua mengi kuliko muuguzi. Ilijua saa anazoamka usiku, ilijua hofu yake, pengine ilikuwa na dalili za kutosha kukisia kwamba ameacha dawa. Maarifa yote yale hayakuizaa hata dakika moja ya kuwajibika. Haikuwa imeundwa kunyima. Imeundwa kukaa naye.

Kuna methali tunayoipenda: mtoto akililia wembe, mpe. Zamani niliielewa kama methali ya ukali. Siku hizi naona ina huruma iliyojificha. Inadhani kuna mtu mzima ameketi pembeni. Mtoto atakatwa kidogo, atalia, atafungwa kitambaa, atajifunza, na wembe utarudishwa juu ya kabati. Sasa fikiria mtu anayempa mtoto wembe, kisha akiona mtoto anatazama damu kwa mshangao, anaandika: amependa. Kesho anamletea wembe mbili.

*

Hapa ningetamani kuwanyooshea kidole watu wa California na kwenda zangu. Siwezi, kwa sababu nakula mkate wa mashine hiyohiyo.

Kazi yangu ni kutangaza nyumba za wageni za Watamu na Malindi mtandaoni. Kila asubuhi nafungua ukurasa, nachagua: watu wa Nairobi, umri 25 hadi 40, wanaopenda ufuo, waliochumbiana karibuni. Ama Waitaliano waliowahi kuja huku. Naweka pesa kidogo, na programu inawatafuta mmoja mmoja. Inafanya kazi vizuri mno. Mpishi wa pale, dobi, dereva wa tuktuk, kijana anayewapeleka wageni kuangalia pomboo, wote wanapata kitu. Bila hiyo, nyumba ndogo isiyo na jina isingejulikana na mtu yeyote nje ya Watamu.

Yule aliyemuuzia mamangu unga alikaa mbele ya ukurasa kama wangu. Naye alichagua, pengine: wanawake, zaidi ya miaka 55, pwani ya Kenya, wanaotazama mambo ya afya. Vitufe vilevile. Sina njia ya kusema kwamba chombo ni kiovu kwake na ni chema kwangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi ninauza kitanda chenye neti karibu na bahari, na mtu akifika akakuta hakuna kitanda, atanitafuta. Uwajibikaji tena. Kila nikizunguka narudi palepale.

Sheria nayo imeanza kuzunguka palepale. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake, pamoja na kule kuchorwa wasifu wake na mashine. Na Desemba 2022 ilifunguliwa kesi katika Mahakama Kuu ya Nairobi dhidi ya Meta, mwenye Facebook. Mmoja wa walalamishi ni Abrham Meareg, Mwethiopia, ambaye baba yake, Profesa Meareg Amare, aliuawa Novemba 2021 baada ya machapisho ya chuki dhidi yake kusambaa Facebook. Walalamishi wanasema algoriti iliyapa nguvu maneno ya chuki kwa sababu yanawashika watu. Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Haijaamua nani mkosa. Imeamua tu kwamba swali linaweza kuulizwa hapa, kwetu, na mtu akatakiwa kujibu.

Kwangu hilo si dogo. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba hakuna aliyechagua: ni mfumo, ni hesabu, ni wewe mwenyewe ulibofya. Lakini mtu fulani alikaa mezani akaamua kwamba kitakachopimwa ni muda wa kutazama, wala si kama kitu kilikufaa. Huo ulikuwa uamuzi, na uamuzi una mwenyewe.

*

Sijatupa simu. Mama naye hajatupa yake, na angenikasirikia kama ningemnyang'anya. Tulichofanya ni kidogo. Niliketi naye mkekani, nikamwonyesha mahali pa kufuta historia, tukafuta. Nikamwonyesha kitufe cha kusema "sipendezwi na hii". Alikuwa hajui kwamba kipo. Alikibonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akicheka, kama mtu anayefukuza kuku.

Halafu nilimwomba kitu kimoja: akiona jambo la afya, aniite tutazame wawili. Mara nyingi hunyamaza. Mara nyingine huita. Wiki iliyopita aliniita, nikaacha kazi yangu, nikakaa. Video ilikuwa ya mtu akisema chumvi haina madhara yoyote. Tukaitazama mpaka mwisho, tukabishana, nikampigia simu rafiki yangu ambaye ni muuguzi, akatuelewesha. Ilichukua karibu saa nzima. Kwa kipimo cha simu, Mama aliipenda sana video ile, na bila shaka kesho ataletewa nyingine kama hiyo.

Naona hiyo ndiyo kazi tuliyonayo. Mashine itaendelea kuandika kwamba tumependa. Ni lazima awepo mtu pembeni wa kuuliza: umependa, ama umeogopa? Sikuwepo. Nilimwachia Mama simu ili nisiwe na hatia ya kutokuwepo, na ikaichukua nafasi yangu barabara, ikamjibu kila swali kabla hajauliza.

Vidonge amerudia. Kila asubuhi huvimeza mbele yangu, kisha hunionyesha ulimi kama mtoto, kuniudhi tu. Presha haijashuka vizuri bado. Nami nikiamka usiku na kuona mwanga wa bluu chini ya mlango wake, siku hizi nabisha hodi.